Mmiliki Ana Miaka Sabini na Moja

Barua pepe ilifika Jumatano asubuhi, Luminița akiwa amevaa gauni la kulalia la hariri nyekundu na soksi nene za sufu za mumewe, maana kipasha joto cha chumba cha picha kilikuwa kimekufa tangu Februari. Horia alikuwa ameinama nyuma ya kamera. Simu yake ikalia. Akaisoma, akaisoma tena, kisha akazima taa zote mbili.

"Mbona unazima? Sijamaliza."

"Umemaliza," alisema Horia. "Wamesimamisha malipo."

Luminița akajifunga shali na kuja kusoma begani kwake. Tovuti yao ilikuwa ndogo, haina hata jina la kutisha. Wateja walikuwa mia tatu na kumi na wawili, wanaume wa makamo wa Ujerumani na Uholanzi, wengi wao wajane, kila mmoja akilipa euro tisa kwa mwezi amtazame Luminița akiwa ndani ya magauni ya kulalia aliyoyashona mwenyewe, na baadaye nje ya magauni hayo. Hakukuwa na mtu mwingine katika picha. Pesa za kadi hazikuwafikia moja kwa moja. Zilipitia kampuni moja ya malipo iliyokuwa mbali, ambayo iliwakata asilimia kumi na nne, wakati muuza viatu wa mtaa wa pili hukatwa mbili. Hawakuwahi kulalamika. Mwenye biashara ya namna ile halalamiki, hushukuru kwamba mlango haujafungwa.

Sasa ulikuwa unafungwa. Kanuni zilikuwa zimebadilika, barua ilisema. Kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo mmiliki wa kampuni lazima ajitokeze kwenye video, peke yake chumbani, kitambulisho mkononi, aulizwe kampuni yake inauza nini, nani anaonekana, kama ameridhia, na tangu lini yeye mmiliki anaifahamu biashara hiyo. Asipofanya hivyo akaunti itafungwa, na pesa zilizoshikiliwa zitakaa miezi sita. Luminița naye alitakiwa kupiga picha ameshika kitambulisho karibu na shavu, kuthibitisha kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Alikuwa na arobaini na moja.

"Hiyo ya kwangu nitapiga sasa hivi," alisema. "Tatizo ni mmiliki."

Mmiliki alikuwa jikoni, anachambua maharage.

Miaka sita nyuma, kiwanda cha sidiria alichofanyia kazi Luminița kilipofungwa, alikuwa akipokea posho ya serikali, na posho hiyo hukatwa ukionekana una kampuni. Horia naye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu, kwa mkopo wa gari la mizigo alioshindwa kuulipa. Basi wakafanya kama watu wa Brăila, mji wao huko Romania, wanavyofanya: kampuni ikaandikwa kwa jina la mama. Si ajabu. Katika jengo lao kulikuwa na bibi wa miaka themanini aliyemiliki malori mawili na kliniki ya meno, na hajui hata moja liko wapi. Mama Chiva, mamake Horia, aliambiwa ni kampuni ya magauni ya kulalia. Haikuwa uongo kamili. Magauni yalikuwepo.

"Itabidi aambiwe," alisema Luminița.

"Na nani?"

"Ni mama yako."

"Ni mkwe wako," alisema Horia, na kwa muda wakatazamana kama watoto waliovunja chungu.

*

Kwanza walijaribu njia ya kukwepa. Ijumaa Luminița alikwenda benki kuuliza kama jina la mmiliki linaweza kubadilishwa haraka, kabla ya maswali ya video. Dirishani alikuwepo Geanina, waliyesoma naye darasa moja, mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Ngoja nifungue faili," alisema Geanina. "Kampuni ya mama mkwe wako, doamna Paraschiva Cârlan. Aina ya shughuli... 'burudani ya watu wazima'." Akakunja uso. "Ndiyo nini hii, dansi za wazee?"

Mzee aliyesimama nyuma ya Luminița na kitabu chake cha pensheni akasogea nusu hatua mbele, asikie vizuri.

"Ni picha," alisema Luminița.

"Picha za nini?"

"Geanina, shusha sauti."

Geanina akatazama skrini, akamtazama Luminița, akatazama skrini tena. Alipoelewa, alishusha sauti kiasi kwamba sasa kila mtu kwenye foleni alijua kuna jambo. "Sikiliza, shoga. Kubadilisha mmiliki ni siku thelathini, na maombi mapya yanakwenda Bukaresti, kitengo cha kukagua hatari. Hawa wa Bukaresti wakiisoma hii, wanafunga hata akaunti mliyonayo. Sasa hivi iko salama kwa sababu hakuna aliyewahi kuisoma. Mimi sijaona kitu. Mlete mama yenu ajibu maswali, yaishe."

"Asante."

"Na unaonekana vizuri," aliongeza Geanina, bila ubaya. "Unatumia mafuta gani?"

Luminița alitoka uso ukimwaka. Mzee wa pensheni alimfungulia mlango, akainamisha kofia, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Hakumkasirikia sana. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amejiuliza kwa haraka kama yule naye ni mteja.

*

Wakamwambia Jumapili ya Matawi, baada ya kanisa, kwa sababu siku hiyo mfungo unaruhusu samaki na samaki humlainisha Mama Chiva. Horia alinunua kambare mzuri. Walikuwa katikati ya kula mama aliposema, "Haya, mtoeni huyo nyoka aliye chini ya meza. Mmenipa kipande cha kichwa, kuna jambo."

Horia akaanza kueleza habari za kanuni mpya, za Ulaya, za kadi. Alizunguka kama mtu anayetafuta maegesho. Mficha uchi hazai, akajisemea Luminița, akaweka uma chini.

"Mama, yale magauni. Mimi ndiye ninayeyavaa kwenye picha."

"Nilijua. Angeyavaa nani? Hatuna pesa za kukodi msichana."

"Halafu huwa nayavua."

Mama Chiva akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya Horia. Halafu Wajerumani wanaona picha."

"Wajerumani wangapi?"

"Kama mia mbili. Wengine ni Waholanzi."

"Horia!"

"Naam, mama."

"Wewe ndiye uliyemwingiza huko?"

"Ni mimi mwenyewe, mama," alidakia Luminița. "Kiwanda kilipofungwa nilikaa nikawaza. Ilikuwa hii au Italia."

"Nimemuuliza niliyemzaa."

"Ni yeye mwenyewe, mama," alisema Horia kwa sauti ndogo. "Mimi nilikataa mwezi mzima."

Mama Chiva akaanza kuuliza kimoja kimoja, macho dirishani. Mashine ya kufulia ilitoka huko? Ndiyo. Meno yake ya juu? Ndiyo, mama. Na zile pesa, lei mia tano, alizompa Padri Visarion za paa la kanisa la Mtakatifu Nikolai? Horia alikohoa.

"Basi Mtakatifu Nikolai hanyeshewi kwa hisani ya Wajerumani," alisema mama, na nusura Luminița acheke, lakini mkwewe hakuwa anacheka. "Sikilizeni. Mke wa mtu akivua nguo zake, ni zake, atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Lakini mimi mlinipeleka kwa wakili bila miwani. Nilisema ngoja nirudi nikaichukue, mkasema tutachelewa. Mnakumbuka? Mimi mlinivua jina langu, na hamkuniuliza."

Mama Chiva alibeba sahani yake mwenyewe hadi kwenye sinki, akaiosha, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kambare aliyebaki aliliwa na paka wa jirani.

Asubuhi yake, kabla hajakwenda kuungama, alisimama mlangoni na koti na kitambaa chake cheusi cha kichwani. "Nikirudi mnipe hayo maswali," alisema. "Maji nimeshavuliwa nguo, sasa nitayaoga."

*

Alirudi saa tano. Horia akakaa mezani na karatasi, akijifanya afisa wa kampuni ya malipo, na Mama Chiva akakaa mbele yake na koti lake mwilini. Maswali manne ya kwanza alijibu vizuri kuliko walivyotarajia. Kampuni inauza nini? Picha za mwanamke akiwa hana nguo. Nani? Mkwe wangu. Ameridhia? Ameridhia, na ana kichwa kigumu, hakuna wa kumlazimisha.

"La tano," alisoma Horia. "Tangu lini unafahamu biashara ya kampuni yako?"

"Tangu jana, baada ya samaki."

Horia aliiweka karatasi chini. "Hapo useme tangu mwanzo, mama. Miaka sita. Ukisema jana, watajua umewekwa kama pazia tu, na watafunga."

"Huo ni uongo."

"Ni mmoja tu."

"Nimetoka kuungama sasa hivi, Horia. Hata vifungo vya koti sijafungua. Alhamisi napokea Komunyo. Niipokee kwa mdomo gani?"

"Utaungama tena baada ya Pasaka."

"Hivyo ndivyo nilivyokufunza? Dhambi kwa mkopo?"

Horia alijaribu kuomba siku. Aliwaandikia watu wa kampuni ya malipo kwamba mmiliki ni mama mzee, kwamba ni Juma Kuu, kwamba wangoje mpaka Jumanne. Jibu lilikuja baada ya robo saa, lenye adabu: kwa mujibu wa kalenda yao, si ya Waorthodoksi, Pasaka ilikuwa imekwisha wiki nne zilizopita. Walimpangia Jumatano saa nne.

"Mwache," Luminița alimwambia mumewe, mama akisikia. "Usimsukume. Ikifungwa, mwezi wa sita nitakwenda Padova kwa Zenovia, nitapata mzee wa kuogesha."

Hakusema hivyo kumtisha mtu, lakini neno likishatoka hubaki pale lilipoangukia. Zenovia alikuwa dada yake. Alikwenda Italia kwa mwaka mmoja, na sasa ulikuwa wa kumi na moja. Anamwogesha kanali mstaafu anayempiga kwa fimbo. Mama yao alipofariki alikuja kwa siku mbili, akazika akiwa na viatu vya kazi, akarudi. Luminița aliogopa Padova kuliko alivyoogopa aibu yoyote ya Brăila, na katika nyumba ile hakuna asiyejua.

Mama Chiva alifungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akaenda kukoroga maharage.

*

Jumatano alivaa blauzi ya kanisani. Horia alimwekea kompyuta juu ya meza ya kushonea, akamwonyesha wapi pa kutazama, kisha yeye na Luminița wakatoka na kufunga mlango kama kanuni zilivyotaka. Horia alishuka chini kuvuta sigara. Luminița alibaki kwenye ukumbi mwembamba, sikio kwenye ubao wa mlango.

Afisa alikuwa msichana mwenye lafudhi ya Kimoldova, wa ng'ambo ya mto Prut, na alikuwa na adabu.

"Habari za asubuhi, doamnă. Tafadhali ondoa kitambaa kichwani. Lazima masikio yaonekane."

"Mimi ni mjane, binti."

"Pole sana, doamnă. Ni kanuni. Hata mimi sipendi."

Luminița alisikia mchakacho wa kitambaa. Katika miaka kumi na saba ya ndoa yake hakuwahi kumwona mkwewe kichwa wazi mbele ya mgeni.

"Asante. Geuza uso kushoto. Sasa kulia. Shika kitambulisho karibu na shavu. Usikizibe kwa kidole. Vizuri sana. Kampuni yako inauza nini?"

"Picha za mwanamke bila nguo."

"Nani anaonekana?"

"Mke wa mwanangu."

"Ameridhia kwa hiari yake?"

"Nimemuuliza uso kwa uso. Ameridhia. Chakula chetu kinatoka hapo, na hajaiba."

"Inatosha 'ameridhia', doamnă. Tangu lini unafahamu shughuli za kampuni hii?"

Luminița alifumba macho. Ndani, kiti kililia kidogo, kama mtu amehama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine.

"Miaka sita," alisema Mama Chiva.

"Tangu siku ya kuandikishwa?"

"Nimesema miaka sita. Nilisaini mwenyewe. Nilisoma kila ukurasa. Nilikuwa na miwani."

"Asante, doamnă. Tumemaliza. Pasaka njema," alisema yule msichana, ambaye bila shaka naye alikuwa amefunga.

Mama Chiva alitoka kitambaa kikiwa tayari kichwani, kimefungwa upande. Luminița alinyoosha mkono akirekebishe. Mama akausukuma mkono ule taratibu, akaenda jikoni.

*

Alhamisi Kuu Luminița alimsindikiza kanisani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Walisimama nyuma. Paa lilikuwa jipya, la bati jekundu, na mvua ililigonga bila kupita. Wanawake wa jengo lao walipojipanga kwenda mbele, Mama Chiva hakusogea kutoka ukutani.

"Chiva, hupiti?" alinong'ona Tudora wa ghorofa ya tatu, kwa mnong'ono wa kusikika hadi kwenye kwaya. "Kila mwaka wewe ndiye wa kwanza."

"Nimesahau nikanywa kahawa."

"Kahawa? Alhamisi Kuu?"

"Uzee, Tudora. Utakufikia."

Padri Visarion alisimama na kikombe, akatazama nyuma juu ya vichwa vya watu, akamngojea kidogo. Alikuwa amemwungamisha Jumatatu, alijua hana deni. Mama Chiva aliinamisha macho. Padri akaendelea na mwingine. Luminița alitamani kumshika mkono, akaogopa, na akaona uchungu wa kweli, sio huruma tu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa amelipa kitu ambacho hakuna mashine ya kufulia ingekirudisha.

Njiani kurudi walinunua chachu na zabibu kavu. Mama alibishana na muuzaji juu ya uzito, akashinda.

*

Barua ya kampuni ya malipo ilifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mama Chiva alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate wa Pasaka, mikono imezama hadi viwikoni. Horia na Luminița waliisoma katika chumba cha picha, wamesimama.

Uthibitisho wa mmiliki ulikuwa umekamilika. Majibu yake yalikuwa yameridhisha katika kila kipengele, na kampuni ilimshukuru kwa ushirikiano. Aya ya pili ilisema kwamba, kwa mujibu wa uamuzi uliopitishwa Februari, kuanzia mwezi ujao kampuni haitahudumia tena biashara za burudani ya watu wazima zenye mapato ya chini ya euro elfu hamsini kwa mwezi. Gharama za kuzikagua zilizidi faida. Akaunti itafungwa tarehe thelathini. Salio litatolewa baada ya siku mia moja na themanini.

"Februari," alisema Horia. "Walijua Februari."

"Nimeona."

"Sasa kwa nini walimhoji? Kwa nini wamvue mama yangu kitambaa, wamgeuze shingo huku na huku, kama walishaamua?"

"Labda walioamua hawakuwaambia wanaohoji."

"Elfu hamsini! Nani ana elfu hamsini? Wale wakubwa, wenye wasichana mia na mawakili kumi. Wale ndio waliofanya mambo mpaka kanuni zikaletwa, na wao ndio wanaobaki." Alikaa juu ya kreti ya taa. "Nijaribu kampuni nyingine. Kuna moja ya Kupro."

"Ada ya kujiandikisha peke yake ni euro elfu moja, kila mwaka, na utaanza upya na maswali. Utampeleka nani? Yeye tena?"

Luminița alichukua simu yake, akamwandikia dada yake maneno machache: aulizie nafasi, mwezi wa sita, hata mzee mkorofi. Akatuma kabla hajafikiri zaidi. Kisha akakusanya magauni yaliyokuwa yakining'inia kwenye kamba, akayakunja vizuri, ya pamba chini na ya hariri juu, kwa sababu hariri hukunjika.

"Mmekuwa wakimya huko," mama aliita kutoka jikoni. "Wameandika?"

Horia aliinuka, mdomo wazi. Luminița alimwekea mkono kifuani, akapita yeye.

Jikoni kulinukia ndimu na maziwa ya moto. Mama Chiva hakugeuka, ila alikuwa ameacha kukanda.

"Wameandika, mama."

"Wanasemaje?"

"Wanasema umejibu vizuri. Kila swali."

Mgongo wa Mama Chiva ulishuka kidogo, kama wa mtu aliyeruhusiwa kutua ndoo. Alichota unga mkavu kiganjani, akaunyunyiza juu ya donge, akaanza tena kukanda.

"Basi angalau haikuwa bure," alisema. "Nipe hizo zabibu."